Barua kutoka Whitby: bandari ambayo maji hupwa kama kwetu

Leeds, Uingereza

Ndugu yangu mpendwa Bakari,

Assalaamu alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na jamaa wote wa Nungwi, na kwamba lile jahazi uliloniambia limebakia kutiwa deheni tu sasa linangojea kushushwa majini. Mimi sijambo. Nakuandikia kwa sababu wiki iliyopita nilikwenda Whitby, mji wa bandari katika pwani ya Yorkshire, mashariki ya Uingereza, na tangu niliporudi sijapata mtu wa kumsimulia niliyoyaona pasipo kumfafanulia kila neno. Wewe fundi wa vyombo sihitaji kukufafanulia.

Nilikwenda kwa treni itokayo Middlesbrough, ambayo hufuata bonde la mto Esk na kuuvuka mto huo mara nyingi, hadi reli inapokomea, hatua chache tu kutoka bandarini. Nilishuka maji yakiwa yamekupwa. Mto wenyewe ndio bandari: unaugawa mji pande mbili, kisha unaingia baharini kati ya gati mbili ndefu za mawe zenye minara ya taa. Kando ya kuta mashua zilikuwa zimepwelewa, zimelalia tope, na harufu ilikuwa ile ile ya kwetu maji yanapotoka. Juu ya gati palirundikwa mitego ya kambamawe, ambayo imefumwa kwa nyavu na si kwa fito, lakini mlango wake umepangwa kwa akili ile ile ya dema: samaki huingia kwa urahisi, asiione njia ya kutokea. Siku za bamvua tofauti ya maji kupwa na kujaa hukaribia mita 5, kwa hiyo mji mzima huishi kwa kuyatazama maji. Hata daraja la mwaka 1908 linalounganisha pande mbili, ambalo huzunguka ili vyombo vipite, hufunguliwa katika saa mbili zinazotangulia maji kujaa na saa mbili zinazofuata.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikukumbuke zaidi. Mwaka 1746 kijana James Cook, mtoto wa kibarua wa shambani, aliletwa Whitby kufunzwa ubaharia kwa John Walker, tajiri wa meli za kubebea makaa ya mawe. Nyumba ya Walker bado imesimama katika kichochoro cha Grape Lane, nayo sasa ni makumbusho, na nilipanda hadi darini, walikokuwa wakilala vijana waliokuwa wakijifunza kazi. Meli za makaa za Whitby ziliundwa zikiwa na tumbo pana na bapa, ili zibebe shehena kubwa na ziweze kukalia mchanga maji yakipwa bila ya kupinduka. Cook aliposafiri kwenda Bahari ya Pasifiki mwaka 1768, hakupewa manowari ya fahari, bali meli ya makaa iliyoshushwa majini hapo hapo Whitby mwaka 1764, ikabadilishwa jina na kuitwa Endeavour. Vyombo vyote vinne vikuu vya safari zake tatu viliundwa katika mto ule mdogo.

Mwezi wa Juni 1770 Endeavour ilipanda mwamba wa matumbawe mashariki ya Australia. Walitupa mizinga baharini ili chombo kiwe chepesi, kisha wakachukua tanga, wakalishonea manyoya ya kondoo na nyuzi za kamba kuukuu, wakalipitisha chini ya chombo hadi nguvu ya maji ikalivuta na kuliziba tundu. Walipokipandisha chombo mlangoni mwa mto ili wakitengeneze, walikuta kipande cha tumbawe kimevunjika na kukwama mle mle tunduni, nacho pia kilikuwa kimesaidia kuyazuia maji. Chombo kilikaa pale kwa utulivu kwa sababu ya tumbo lake, na mafundi wakafanya kazi maji yakipwa, kama mnavyofanya nyinyi mnapotia kalafati. Nilisimama mbele ya mfano wa meli hiyo kwa muda mrefu, nikihesabu mataruma. Sikusahau hata hivyo kwamba kwa wenyeji wa visiwa na nchi zile, kufika kwa vyombo hivyo kulikuwa mwanzo wa dhiki kubwa, na naona ni haki mambo hayo mawili yasemwe pamoja.

Mchana nilipanda ngazi yenye vidato 199 inayokwenda kwenye kanisa la Mtakatifu Maria na magofu ya abasia yaliyo juu ya jabali. Nyumba ya kwanza ya watawa ilianzishwa hapo mwaka 657 na bibi aitwaye Hild, aliyewaongoza wanaume na wanawake pamoja. Mwaka 664 ulifanyika hapo mkutano juu ya siku ya Pasaka, ambayo huhesabiwa kwa mwezi, kwa kuwa mfalme alifuata hesabu ya watawa wa Kiireland na malkia ile ya Rumi. Ikatokea mmoja anasherehekea na mwenzake bado amefunga. Nilipokisoma kisa hicho nilimkumbuka marehemu babu yako na mazungumzo yake ya kila mwaka juu ya kuandama kwa mwezi.

Kwetu kaskazi ni upepo wa heri uliowaleta wageni na biashara. Pale ndio upepo unaoogopwa zaidi, kwa sababu mlango wa bandari unaelekea kaskazini na mawimbi huingia moja kwa moja. Tarehe 30 Oktoba 1914, usiku, wakati taa za pwani zilikuwa zimezimwa kwa ajili ya vita, meli ya hospitali Rohilla ilipanda mwamba karibu na mji ikiwa na watu 229. Ilikuwa meli ya British India, kampuni ile ile ambayo wazee wetu walizipanda meli zake kwenda Bombay. Ilikuwa karibu sana na nchi kavu, lakini boti za makasia zilishindwa na bahari, na watu wa Whitby wakaingia majini hadi vifuani kuwavuta waliojaribu kuogelea. Watu 85 walikufa. 50 wa mwisho walichukuliwa siku ya tatu na boti ya injini iliyotoka Tynemouth. Niliwaza usiku ule wa Septemba 2011, meli ya Pemba ilipozama na watu wa Nungwi wakatoka na mashua zao. Wewe ulikuwepo. Hujawahi kunisimulia, nami sikuulizi.

Jioni maji yalijaa, mashua zikasimama, daraja likafunguka. Nilinunua heringi waliopasuliwa kama ng'onda na kufukizwa kwa moshi wa mwaloni. Nimekuwekea jozi moja, nitampa yeyote anayekuja Unguja mwezi ujao. Niandikie mmechagua bamvua ipi ya kulishusha jahazi, na unitajie urefu wa mkuku.

Nduguyo akupendaye.