Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mwaka Tuliotembeleana Bustani

Ndugu wanachama, na wageni mliokuja kutusikiliza: wakubwa shikamooni, vijana hamjambo. Waliotoka Iringa na Njombe, kamwene. Wa Rungwe, ugonile.

Katiba yetu inanitaka nisome taarifa ya shughuli kabla ya mhazini kusoma hesabu. Nitakaa zaidi kwenye yale yaliyobadilisha bustani zetu. Mengine nitayapitia haraka, kwa sababu mihtasari ya vikao vyote iko kwa katibu na kila mwanachama ana haki ya kuisoma.

Mtakumbuka mkutano mkuu uliopita. Kilio kilichosikika kuliko vyote kilikuwa hiki: uwanja ninao, jembe ninalo, samadi naipata, lakini sijui nifanye nini. Wengi wetu tulikuwa na picha za bustani tele kwenye simu, nyingi za nchi zisizo na kifuku chetu cha mvua wala baridi yetu ya Juni. Ila ua wa mwenzetu wa mtaa wa pili tulikuwa hatujawahi kuuingia. Ndipo tukakubaliana mwaka huu tutembeleane, kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa tatu asubuhi hadi saa sita. Tuliweka masharti mawili. Mwenyeji atuonyeshe pia kitu kimoja kilichomshinda. Na kila mgeni, mwezi unaofuata, asimame aeleze alichokiona amekifanyia nini kwake.

Ziara ya kwanza tulikwenda kwa mpangaji, na najua wapo walioguna. Mwenyeji wetu ni mama kijana anayepanga chumba kimoja Mwanjelwa, hapa Mbeya mjini. Ua ni wa wapangaji wote, hakuna hata mita moja ya udongo aliyoachiwa. Mboga zake ziko kwenye viroba vilivyopangwa ukutani. Alitupa somo hatua kwa hatua. Anachukua kopo la rangi lililotobolewa juu na chini, analisimamisha katikati ya kiroba, analijaza kokoto. Pembeni anatia udongo uliochanganywa na samadi iliyoiva. Kisha analivuta kopo juu taratibu, kokoto zinabaki, analijaza tena, hivyo hivyo mpaka kiroba kinajaa. Ubavuni anatoboa matundu na kupachika miche ya chainizi na spinachi. Mbele yetu alimimina maji aliyooshea mchele juu ya zile kokoto. Hatukusubiri sana, chini ya kiroba pakalowa. Bila ule mhimili wa kokoto, alisema, mboga za juu zinalewa maji na za chini zinakufa kiu. Ameshahama nyumba mara mbili, na mara zote mbili bustani ilipanda kirikuu pamoja na godoro.

Sasa angalieni wazo hilo lilikokwenda. Mzee wetu wa Uporoto ana shamba la kutosha, kiroba hakimsaidii chochote kwa habari ya nafasi. Shida yake ni sakitu, yaani umande unaoganda kwa baridi. Juni na Julai akiamka alfajiri anakuta nyasi nyeupe na miche ya nyanya imeungua kama iliyomwagiwa maji ya moto. Alichokichukua Mwanjelwa ni kile kitendo cha kuhama. Alisia mbegu kwenye viroba vifupi vya kimo cha ndoo ndogo. Jua likizama anaviingiza barazani, jua likipanda anavitoa. Ziara ya Agosti alikuja na miche mkononi, kijani, akaipokeza kwa yule mama kijana kama anayerudisha chombo alichoazima. Pamoja na miche akampa viazi vya mbegu, na akamfundisha kuvipanda kwenye kiroba kilichokunjwa kingo: kiazi kikirefuka unakunjua kidogo na kuongeza udongo, ili viazi vinavyojitunga visipigwe na jua vikawa vya kijani. Mwaka mzima huu sijaona tendo lililonifurahisha kama lile.

Nalieleza kwa kirefu kwa sababu ndani yake kuna jambo ninalotaka tulishike kama chama. Wazo la bustani halihami zima zima. Mji wetu wa Mbeya uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Ukishuka Usangu unakuta joto na bamia, ukipanda Uporoto unakuta baridi na viazi, na yote hayo ni mwendo wa saa chache kwa basi. Rungwe mvua hainyamazi, Iringa mjini wanaihesabu. Kwa hiyo anayeiga lazima aulize kwanza: kwako ilikuwaje, ulianza na nini, ulikosea wapi.

Na hapa nina la kukiri mbele yenu. Mwezi wa tatu tulipokwenda Iwambi niliona matuta ya mwenzetu yamefunikwa matandazo ya majani makavu, udongo chini yake mweusi na laini kama keki. Nilirudi nyumbani na bidii. Mimi nina mikaratusi nyuma ya nyumba, nikakusanya majani yake nikatandaza kwenye spinachi na figili, mkono mzima unene wake. Wiki tatu mboga zikadumaa. Hazikufa, wala hazikukua. Niliongeza samadi, nikaongeza maji, wapi. Nilipolileta kwenye kikao ndipo mwenyeji wa Iwambi aliponiuliza majani gani. Yake yalikuwa nyasi na maganda ya maharage. Majani ya mkaratusi yana mafuta na kemikali zinazozuia mimea mingine kuota na kukua, ndiyo maana chini ya mikaratusi mara nyingi unakuta udongo mtupu. Ningeuliza swali moja tu siku ile, ningeokoa mboga za mwezi mzima. Niliyaondoa yote, na sasa hayo majani nayatandaza njiani ambako sitaki magugu.

Tangu siku hiyo katibu ana daftari la bustani. Kila ziara inaandikwa: udongo wa mahali, maji yanatoka wapi, jua linapiga upande gani, matandazo ya nini, kilichofaulu na kilichoshindikana. Jina la mmea linaandikwa kwa Kiswahili na pia kama mwenyeji anavyoliita kwao, kwa Kisafwa, Kinyakyusa, Kihehe au Kibena. Naomba wazee watusaidie zaidi hapo, maana vijana wetu wengi wanaujua mmea kwa macho lakini jina hawana.

Kwa mwalimu wetu mstaafu pale Forest tulikwenda kwa ajili ya maua. Wengi mnavijua vichaka vyake vya haidrenjia. Cha getini kina maua ya buluu. Cha ukutani, ambacho ni tawi alilokata kwenye kile kile cha getini, kina maua ya pinki. Tulibishana nusu saa, wengine wakadai kuna mbegu mbili. Mwalimu alituacha tubishane, kisha akachukua kijiko cha kupandikizia na kuchimba chini ya ukuta. Vilitoka vipande vya lipu. Fundi alipomaliza nyumba alimwaga mabaki ya saruji na chokaa pale pale. Penye udongo wa asidi mmea huu hufyonza alumini na ua likawa la buluu. Penye chokaa ile alumini hufungika, mizizi haiipati, ua likatoka pinki. Mmoja wetu aliyekuwa kimya siku nzima akasema kwa sauti ndogo, "Basi ndiyo maana maua yangu ya ukutani yana majani ya njano." Alikuwa amepanda kando ya fensi mpya ya matofali, na akawa anayalaumu maji. Amechimbua kifusi, amejaza mboji, na majani mapya yanatoka na rangi yake. Hakuna aliyekwenda Forest kujifunza habari za majani ya njano.

Kutoka Iringa tulipata vinyungu. Mwanachama wetu mzaliwa wa Kilolo alitueleza jinsi kwao kiangazi kinapoingia watu hushuka mabondeni, kwenye udongo unaoshika unyevu, wakainua matuta na kupanda mahindi mabichi, maharage na mboga, huku vilimani kote kumekauka. Hapa mjini bonde hatuna. Yeye amefanya kinyungu cha uani: mfereji mfupi unaopokea maji ya kuogea, na tuta limeinuliwa kila upande. Wanachama wanne wameshaiga. Nawaomba wote wafuate alivyotuonya: maji ya sabuni yaende kwenye migomba na maua, mboga za majani tusizinyweshee. Na wale wenye viwanja karibu na mito, tusilichukue neno vinyungu kama ruhusa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto, na chama hiki hakitamtetea mwanachama atakayelima humo.

Safari ya Kitulo tulijichangia wenyewe, mwezi wa pili, wakati maua yamekolea. Hifadhi ile ilitangazwa rasmi mwaka 2005, na ni ya kwanza katika Afrika ya tropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Ukiwa juu kule, karibu mita 2,600, upepo unakupiga na nyasi zinakufika magotini, na ndani ya nyasi hizo okidi za ardhini aina 45. Ilibidi niseme kwa ukali mara moja, na sijutii: mwenzetu alitaka kung'oa kishina kimoja "cha kujaribu nyumbani". Okidi zile zimechimbwa vya kutosha kwa ajili ya chakula kiitwacho chikanda, viazi vyake vikasafirishwa hadi Zambia kuliwa, na mahali pengine nje ya hifadhi hazionekani tena. Tulirudi mikono mitupu, ila si kwa hasara. Mama mmoja alikuwa amegundua kwamba kule juu hakuna udongo unaoachwa uchi. Alipofika kwake aliacha ukanda wa uwanja bila kufyeka wala kufagia. Majirani walimsema kwamba amekuwa mvivu. Mwezi wa nne tulipopita palikuwa na maua madogo ya zambarau na manjano yaliyojiotea, nyuki wamejaa, na maboga yake ya jirani na ukanda ule yalikuwa yameshika vizuri.

Mengine kwa ufupi. Maonyesho ya Nane Nane tulikwenda kama kila mwaka kwenye viwanja vya John Mwakangale, na vipando vya mboga ndivyo vilivyowashika watu. Vijana sita wamejifunza kubebesha parachichi, yaani kuunganisha kikonyo kwenye mche, na miche ya baadhi yao imeshika. Mwenyeji wa Uyole alituonyesha mdudu kantangaze kwenye nyanya zake, akiinua jani kulielekeza juani mpaka tukamwona kiwavi akitembea ndani ya jani lenyewe. Ilimuumiza kutuonyesha, na namshukuru, kwa sababu wawili kati yetu walirudi wakamkuta kwao akiwa bado mchanga. Kubadilishana mbegu kumeendelea: mnafu, maboga, maharage. Nakumbusha tu tusilete kwenye meza ya mbegu zile tulizokamua kwenye mazao ya chotara, hazirudii sura ya mama yake na mwenzako atapoteza msimu.

Malalamiko nayo yapo, na nimeyapokea kwa uzito. La kwanza ni kunyofoa. Mwenyeji mmoja alikuta waridi wake umevunjwa matawi matano baada ya sisi kuondoka. Hilo ni jambo la aibu kwa chama kizima. Kamati imeamua kwamba kipandikizi kinakatwa na mwenye bustani mwenyewe, kwa kisu chake, baada ya kuombwa. La pili ni gharama. Ziara zilianza kuwa sherehe, wenyeji wakashindana kwa wali na soda, na wenye kipato kidogo wakaogopa kujitolea. Kuanzia sasa ni chai na viazi vya kuchemsha, au magimbi, basi. La tatu ni kwamba wenzetu wa Mbozi na Tukuyu wanakuja kila mara nasi hatuendi kwao. Wana haki kulalamika.

Kwa sababu hiyo ziara ya kwanza ya mwaka mpya itakuwa Tukuyu. Tutaondoka stendi ya Nane Nane saa moja kamili asubuhi, nauli kila mtu ajilipie. Mwenyeji amesema mvua itakuwepo, kwa hiyo njooni na mabuti na miamvuli. Atakuwa anapogoa vichaka vyake siku hiyo, na atakata mwenyewe vipandikizi vya kila atakayeomba. Kila mmoja abebe kiroba kitupu na gazeti la kufungia, na anayetaka kuiga kitu aje akijua udongo wa kwake ni wa aina gani, kwa sababu mwenyeji huyo ameniambia wazi hatampa mtu tawi bila kumuuliza hilo kwanza.

Namkaribisha mhazini asome hesabu.

Mwenyekiti