Maabara za Mwanza zisisubiri msimu wa mitihani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo sisi walimu wa sayansi wa sekondari hapa Mwanza hulijadili sana katika vyumba vya walimu, lakini ni nadra kuliona likiandikwa. Tangu kampeni ya mwaka 2014 ya kutaka kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, za fizikia, kemia na baiolojia, mjadala umekuwa wa majengo: lipi limekamilika, lipi halina paa, nani hajatoa mchango. Ulikuwa mjadala wa haki. Hata hivyo, jengo likishakamilika linabaki swali la kinachofanyika ndani yake kuanzia Januari, na katika shule nyingi ninazozifahamu maabara hufunguliwa kwa shughuli nzito pale tu kidato cha nne wanapokaribia moko (mtihani wa majaribio) na mtihani wa taifa. Kemikali hununuliwa kwa haraka, na wanafunzi hufundishwa kwa wiki chache kushika bureti, mrija wa kupimia vimiminika, ambayo hawajawahi kuigusa kwa miaka mitatu na zaidi.

Ninachopendekeza ni kwamba majaribio yaanze kidato cha kwanza, kwa vitu vinavyopatikana sokoni, dukani na mwaloni wanakoshushia samaki, na kwamba walimu tuyaandike na kupeana, ili anayehamishiwa Ukerewe au Sengerema asilazimike kuanza upya kubuni kile ambacho mwenzake wa Nyamagana ameshakijaribu na kikakubali.

Chukua mfano wa maji yanayochemka. Vitabu vinasema maji safi huchemka kwenye nyuzi joto 100 za Selsiasi. Mwanafunzi wa Mwanza akitumbukiza kipimajoto katika sufuria ya maji yanayotokota, kimiminika hupanda hadi kwenye 96 hivi na kugoma hapo, hata mkaa uongezwe vipi. Nimeshuhudia mara nyingi kinachofuata: mwanafunzi hutazama kipimajoto, hutazama daftari la mwenzake, kisha huandika 100, kwa sababu anajua kwamba 100 ndiyo itakayopata alama. Ninaona kwamba hapo tunakuwa tumempotezea somo zima la sayansi, maana 96 yake ni sahihi. Ziwa letu, Viktoria, liko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, kanieneo ya hewa (mgandamizo wake) hapa ni kama kilopaskali 88 badala ya 101 za pwani, na maji yanayokandamizwa kidogo na hewa huchemka mapema zaidi.

Mwanafunzi makini atauliza kama si kipimajoto ndicho kibovu, na swali hilo lipokelewe kwa furaha. Aagizwe barafu kwa wauza samaki, aiponde, aichanganye na maji kidogo, atumbukize kipimajoto kilekile na asubiri. Kikisoma sifuri, au karibu kabisa na sifuri, kipimajoto ni kizima, kwa kuwa joto la kuyeyukia la barafu halibadiliki kwa kiasi cha kuonekana kutokana na mwinuko wa mahali. Mwalimu mwenye rafiki anayefundisha Dar es Salaam anaweza kwenda mbali zaidi: madarasa mawili yapime siku moja, yatumiane matokeo kwa simu, kisha kila upande ueleze tofauti inatoka wapi. Jaribio lote linahitaji kipimajoto, sufuria, jiko na barafu, na linafaa katika mada ya joto ya fizikia.

Mfano wa pili unatoka kwa wauza mapanki, yaani mabaki ya sangara baada ya kutolewa minofu. Jicho la sangara mbichi, likipasuliwa taratibu kwa wembe upande wa mbele na kukamuliwa kidogo, hutoa lenzi ngumu, angavu, ya mviringo kama gololi. Isuuzwe kwa maji safi, iwekwe juu ya kipande cha plastiki angavu, na plastiki iwekwe juu ya ukurasa wa gazeti hili: herufi zilizo chini yake zitaonekana kubwa. Darasa likishaona hivyo, mwalimu anayo nafasi ya kuuliza kwa nini lenzi ya jicho la binadamu ni bapa na ya samaki ni duara kamili. Kwa binadamu, mwanga hupinda sana unapotoka hewani na kuingia kwenye konea, ngozi angavu ya mbele ya jicho, hivyo lenzi hubakiwa na kazi ya kumalizia tu. Kwa samaki, konea imezungukwa na maji ambayo hayatofautiani nayo sana katika kupinda mwanga, na kwa hiyo karibu kazi yote huangukia lenzi. Hapo fizikia na baiolojia zinakutana katika kichwa kimoja cha samaki. Jicho lazima liwe bichi, kwa sababu likishapikwa lenzi hugeuka nyeupe na haipitishi tena mwanga. Hilo nalo linafaa katika somo la protini na joto.

Sangara huyohuyo anafundisha kanuni ya Boyle, kwamba gesi hutanuka kanieneo inapopungua. Wavuvi wanajua kwamba akivutwa haraka kutoka kina kirefu hufika juu akiwa amevimba tumbo. Katika kina cha mita 10 maji huongeza kanieneo ya takriban kilopaskali 98 juu ya ile ya hewa, kwa hiyo gesi iliyomo kwenye bondo, mfuko wa hewa wa samaki, hulazimika kutanuka hata zaidi ya mara mbili samaki anapofika juu. Mtoto wa mvuvi aliyewahi kuona mabondo yakianikwa ataelewa hesabu hiyo upesi kuliko akielezwa habari za pistoni ambayo hajapata kuiona.

Kwa upande wa kemia, choya iliyokaushwa, inayouzwa sokoni kwa ajili ya juisi, hutoa kiashiria kizuri cha kutofautisha asidi na besi: hubaki nyekundu kwenye limao na huelekea kijani kwenye maji ya magadi. Limao na magadi vikichanganywa hutoa hewa ya ukaa, ambayo hutia ukungu maji ya chokaa yaliyochujwa. Lakini chokaa iliyokaa wazi muda mrefu haifai, kwa kuwa imeshainyonya hewa hiyo na kubadilika. Maganda ya vidonge yaliyosafishwa yana vishimo vinavyotosha kufanyia majaribio kwa matone badala ya mililita, na hivyo chupa moja ya kemikali ya gharama kubwa huwafikia wanafunzi wengi zaidi. Sirinji mpya zisizo na sindano kutoka duka la dawa hupima ujazo vizuri kuliko wengi wanavyodhani.

Lipo jambo moja ambalo kila anayependekeza kulitumia ziwa kama maabara anapaswa kulisema waziwazi, nalo ni kichocho. Mwanafunzi asitumwe kuingia majini kuchota gugu maji au konokono kwa ajili ya somo la baiolojia. Lava (vimelea wachanga) wa kichocho wanaotoka kwenye konokono hupenya ngozi, na maji ya ufukweni yanayoonekana masafi yanaweza kuwa nao. Mimea ivunwe na mtu mzima aliyevaa buti na glavu ndefu, wala maji yaliyokuja nayo yasiguswe kwa mikono mitupu. Yakihifadhiwa siku mbili bila konokono ndani yake, lava hao huwa wamekufa. Tahadhari hiyo yenyewe ni somo la mzunguko wa maisha ya vimelea, na katika kanda hii hakuna mada ya baiolojia iliyo karibu zaidi na afya ya watoto wetu.

Najua litakalosemwa dhidi ya hoja hii. Litasemwa kwamba mtihani wa taifa unadai bureti, chumvi zilizoainishwa na mchemraba wa kioo, wala hauulizi jicho la sangara. Ni kweli, na ndiyo maana nasisitiza kwamba zana za kufaragua, za kujibunia kwa vilivyopo, zisigeuzwe kisingizio cha halmashauri kutonunua vifaa. Mwanafunzi anayeingia chumba cha mtihani anastahili kuwa amevitumia vifaa halisi, na fedha za kuvinunua zidaiwe kila mwaka bila kuona haya. Hata hivyo, aliyezoea tangu kidato cha kwanza kupima, kurudia kipimo na kuandika alichokiona, atajifunza bureti kwa siku chache; asiyezoea atakariri hatua na kupotea pale rangi inapogoma kubadilika. Litasemwa pia kwamba mwalimu mmoja anabeba vidato vinne bila fundi sanifu wa maabara wa kumsaidia. Hilo ni zito, na ndilo linalonifanya niombe ushirikiano kuliko kitu kingine chochote, kwa kuwa kuandaa jaribio kwa mara ya kwanza hula jioni nzima, ilhali kulifuata lililokwisha kuandikwa vizuri huhitaji muda mfupi.

Kwa hiyo, Mhariri, nina maombi mawili. La kwanza ni kwa maofisa elimu sekondari wa wilaya zetu: watutengee walau siku moja kila muhula, katika kituo cha walimu au shule yoyote iliyo katikati, tukutane walimu wa sayansi, kila mmoja akiwa na jaribio moja alilolifanya darasani, lenye mada, kidato, mahitaji, gharama, hatari zake na matokeo aliyoyapata, yakiwemo yaliyokataa. La pili ni kwako wewe. Robo ukurasa katika toleo la wiki, panapochapishwa jaribio moja lililokwisha kujaribiwa na walimu wawili wa shule tofauti, lingefika hata kwenye visiwa ambako intaneti ni ya kubahatisha. Niko tayari kulituma la maji na barafu, pamoja na vipimo vyote, mara tu nafasi hiyo itakapopatikana.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Fizikia na Kemia,
Ilemela, Mwanza.