Kabla ya kumwambia mtoto aache Kifaransa

Mhariri,

Binti yangu yuko kidato cha tatu hapa Mombasa na anasoma Kifaransa. Muhula uliopita alinijia jikoni na karatasi imejaa wino mwekundu, akasema analiacha somo. Mwalimu alikuwa ameshamwambia kuwa lugha si za kila mtu. Maneno hayo yaliniuma sana.

Nilimkalisha mkekani anionyeshe alipoanza kupotea. Kumbe si msamiati, ni vitenzi vya wakati uliopita. Vingi huchukua kitenzi kisaidizi "avoir" (kuwa na), lakini vichache kama kwenda, kuja, kuzaliwa na kufa huchukua "être" (kuwa), na hapo umbo la kitenzi hufuata mtendaji: "il est allé" (amekwenda) kwa mwanamume, "elle est allée" kwa mwanamke. Nikamuuliza, mwanangu, wewe husema kiti kimevunjika au kiti imevunjika? Akacheka. Upatanisho anao tangu utotoni (ingawa mitaani siku hizi twauchezea mno), ila hakuna aliyemwonyesha kuwa Kifaransa nacho kina wake.

Sasa kila jioni baada ya Magharibi ananisomea kwa sauti dakika 20. Mimi Kifaransa sikijui, nasikiliza tu, akikwama, anarudia. KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ina kusikiliza na kuzungumza pia, si kuandika peke yake.

Nawaomba walimu wetu, kabla ya kumshauri mtoto aache, watazame makosa yake moja moja pamoja naye.

Mama mzazi,
Kisauni, Mombasa