Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kinu cha Maji na Wenye Hisa

Ndugu wanachama,

Paa la kinu limekamilika na mfereji umezibuliwa hadi juu kabisa. Hesabu mtasomewa na mweka hazina. Mimi naomba tuzungumze juu ya wenye kinu.

Vinu vya maji vilienea huku Nyeri na Kiambu miaka ya 1920 na 1930. Kabla ya hapo nyanya zetu walisaga jiwe juu ya jiwe, wamepiga magoti. Kinu chetu kilijengwa kwa mchango: huyu alileta pesa, yule mbuzi, mwingine siku zake za kuchimba mfereji. Ardhi ilikuwa ya mbari moja, yaani ukoo mmoja, lakini hisa zilikuwa za nyumba nyingi, na hapo ndipo mgogoro wa nani mwenye kinu ulipoanzia. Serikali ya kikoloni ya Kenya ilitangaza hali ya hatari Oktoba 1952, wakati wa Mau Mau. Mwaka 1954 watu walipohamishiwa vijijini kwa nguvu, gurudumu lilisimama. Mashamba yalipounganishwa na kupimwa upya, kipande cha kinu kiliandikwa jina moja tu. Baadaye mashine za dizeli zikafika sokoni, na wateja wakafuata urahisi.

Mwezi Machi tuliinua jiwe la juu. Karibu na tundu la katikati mifuo, ile mistari iliyochongwa kwenye jiwe ya kusagia, bado ina kina. Ukingoni, unga unakotokea, jiwe limelika likawa laini kama kiganja. Mzee wetu, ambaye baba yake alikuwa msagaji, alituonyesha jinsi ya kuchonga mifuo upya. Alisema baba yake hakungoja kuona unga: aliunusa. Ukinuka kuungua, mawe yamekaribiana mno. Maarifa kama hayo hayamo katika hati yoyote ya shamba, na nasikitika kwamba tumechelewa kuwauliza wazee wengi.

Katika vitabu vya zamani nimeona majina ya wanaume peke yao. Lakini waliobeba mahindi, na wajane waliolipa madeni ya hisa, tunawajua. Katiba ya 2010 imekataza ubaguzi wa kijinsia katika ardhi. Kwa hiyo kamati imekubaliana kwamba binti na mjukuu wa kike wataandikwa kwenye daftari la wenye hisa sawa na ndugu zao.

Kila nyumba ilete stakabadhi, barua au picha ilizonazo kabla ya mkutano ujao. Asiye na karatasi aje na mzee anayekumbuka. Katibu ataandika maneno yake.

Mwenyekiti