Majina ya miti aliyotuachia babu

Amani, Muheza

Swahiba yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko Nairobi, wewe, shemeji na watoto. Sisi huku hatujambo, ila mvua za vuli zimekuwa nyingi na barabara ya kupandia kutoka Muheza imekatika mara mbili. Barua yako niliipata, na lile swali lako kuhusu binti yangu nimelikalia majuma mawili kwa kuwa sikutaka kulijibu kwa haraka. Umeuliza kwa nini nimeridhia aajiriwe katika misitu, ilhali alifaulu vizuri na milango mingine ilikuwa wazi, na kama ukoo wetu haujatoa vya kutosha. Naomba univumilie nikianzia mbali, kwa babu.

Babu aliingia kazini hapa katika miaka ya 1930, akiwa kijana asiyejua kusoma, wakati kituo cha utafiti kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902 kilikuwa mikononi mwa Waingereza. Alianza kwa kuchota maji ya kitalu. Lakini kwa kuwa alilelewa na mama aliyekuwa mchimba dawa, aliijua miti kwa gome, kwa jani na kwa harufu ya utomvu wake, na haukupita muda akawa anatumwa msituni kukusanya vielelezo vya mimea. Ndiyo miaka ambayo mtaalamu P. J. Greenway, aliyefanya kazi hapahapa Amani, alikuwa akikusanya majina ya Kiswahili ya mimea hadi yakatosha kuwa kamusi. Kila nikilikumbuka jambo hilo, huwawaza wale waliosimama chini ya miti na kuulizwa, "Huu mnauitaje?" Babu naye aliulizwa swali hilo maisha yake yote ya kazi, na majibu yake yaliandikwa na watu wengine.

Kisha kituo kikahamishiwa kwenu Kenya. Vielelezo vilipelekwa Nairobi mwaka 1950, wataalamu wakafuata, na majengo yakachukuliwa na watafiti wa malaria. Babu alibaki. Alikuwa akisema kwamba karatasi zimepanda gari, lakini miti yenyewe, mtambara na msambu, haikupanda, na lazima awepo mtu wa kuipalilia. Ndivyo alivyoendelea kuitunza ile bustani ya miti iliyoletwa kutoka pande zote za dunia, akimfundisha baba yangu jina la kila mti kwa Kisambaa kwanza, kisha kwa Kiswahili.

Baba alikuwa bwana miti, na kazi yake kubwa ilikuwa katika msitu wa Kwamkoro. Hapa, ndugu yangu, ndipo ninapotaka unielewe vizuri. Siku hizo serikali ilitaka mbao, miti mikubwa ya asili ilikatwa, na palipobaki wazi vijana waliamriwa kupanda Maesopsis, mti usio wa Usambara ambao hukua upesi kupita kiasi. Baba alipanda maelfu kwa moyo wote, akiamini anauponya msitu. Hakujua kwamba hondohondo wangeyapenda matunda yake na kuzisambaza mbegu hadi ndani ya msitu ambao haukuguswa na msumeno. Ukataji ulikuja kusimamishwa katika miaka ya 1980, lakini Maesopsis ulikuwa umekwisha kuota kila penye mwanya. Mimi nilipoajiriwa mwaka 1998, mwaka mmoja baada ya hekta zipatazo 8,380 kutangazwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, mojawapo ya kazi zangu za mwanzo ilikuwa kung'oa miche ya mti uleule alioupanda baba yangu. Nilimweleza kwa hofu. Alinyamaza, kisha akavaa viatu vyake vya mpira, akanionyesha mistari aliyoipanda ili nisipoteze siku nyingi nikitafuta. Sijamwona mtumishi wa umma aliyenifundisha zaidi ya pale.

Na mimi nina langu. Ulipoanzishwa mpango wa kuuhifadhi ukanda wa Derema, ambako majirani zetu walilima iliki chini ya kivuli cha msitu, nilikuwa miongoni mwa waliohesabu mashina yao, shina kwa shina, kwa ajili ya fidia. Niliwahakikishia wazee kwamba malipo yangekuja upesi. Yalichelewa kwa miaka, na wapo waliosomesha watoto kwa iliki ambao watoto wao walirudi nyumbani. Bado naamini ukanda ule ulistahili kuhifadhiwa, kwani Mto Zigi unaowapa watu wa Tanga maji ya kunywa unachimbuka katika milima hii. Lakini nilitoa ahadi isiyokuwa yangu kuitoa, na hadi leo nikipita kwa mzee mmoja wa huko napunguza mwendo, nashuka kwenye pikipiki na kumwamkia kwa mikono miwili.

Haya yote nilimweleza binti yangu kabla hajajaza fomu. Sikumficha Maesopsis wala iliki. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza namna ya kuutambua msambu jike na dume kabla haujatoa ua. Nilimwambia kwamba babu alidai anaweza, ila hakuwahi kunifundisha. Akasema basi yeye ataanzia hapo. Sasa amevaa sare, analala kambini siku za doria, na mama yake hapati usingizi. Lakini kila arudipo huleta jani mfukoni na kuniuliza jina lake, na mara nyingine nashindwa.

Nina ombi moja. Ukipata nafasi, nenda kwenye hifadhi ya vielelezo vya mimea iliyokaushwa pale Makumbusho ya Taifa, uwaombe kwa heshima wakuonyeshe karatasi zilizotoka Amani kabla ya mwaka 1950. Angalia lebo zake. Ukikuta jina la Kisambaa limeandikwa chini ya lile la Kilatini, ninakilie herufi kwa herufi, hata kama jina la aliyelitaja halipo. Binti yangu ametenga daftari kwa ajili hiyo.

Nisalimie wote nyumbani.

Wako akupendaye daima,
Swahiba yako wa Amani