Besi la Baba haliuzwi

Birmingham, Uingereza

Mdogo wangu Rajabu,

Assalaam aleikum. Kabla hujasoma zaidi, mpe Mama shikamoo yangu na umwambie ujumbe wake wa Ijumaa nimeupata. Mimi huku sijambo, kazi zinakwenda. Baridi ndiyo imeingia, saa kumi jioni giza tayari. Hayo tuyaache.

Picha ulizotuma nimeziona zote. Ile uliyochomeka sarafu ya mia mbili chini ya briji, kile chuma kinachoshika nyuzi kwenye ubao, upande wa nyuma, ikazama nusu, nimeikuza mpaka nikaona kutu kwenye vichwa vya skrubu. Halafu ukafuatisha maneno: nitume laki tano mkanunue gitaa jipya la besi Kariakoo, hili la Baba limekufa, na Baba Mdogo ameshapata mtu wa kulichukua. Rajabu, laki tano situmi, na besi la Baba haliuzwi. Amplifaya iliuzwa nikiwa nimeshapanda ndege, hakuna aliyeniuliza, nikanyamaza kwa heshima. Safari hii sinyamazi.

Besi halijafa. Briji imenyanyuka, basi. Huku hiyo ndiyo kazi yangu ya Jumamosi, nikishamaliza wiki ya ghala. Mzee mwenye karakana ametengeneza magitaa tangu ujana wake, lakini siku hizi likiletwa besi lenye briji iliyoachia, yeye haligusi, ananisogezea mimi. Juzi nilimtengenezea Mjamaika mmoja anayepiga kanisani. Alipolichomeka na kuupiga uzi wa E, ule mnene kuliko yote, alikatiza maneno aliyokuwa akisema, akapiga tena, akanishika mkono. Wapo wateja sasa wanapiga simu kwanza kuuliza kama yule Mtanzania yupo. Waambie na wazee wa barazani, nataka wajue.

Sasa sikiliza kilichotokea. Gitaa kavu briji yake imegandishwa kwa gundi, lakini besi la umeme, tangu Leo Fender alipolitoa la kwake mwaka 1951 kule California, briji yake inashikwa na skrubu. La Baba lina tano, zimepangwa nyuma. Nyuzi nne zikikazwa sawasawa zinavuta karibu kilo 80 kwa pamoja, usiku na mchana, hata besi likiwa limetundikwa ukutani. Na hazivuti chini kwenye ubao, zinavuta juu yake, pale zinapolalia vile vikalio vidogo vya chuma. Kwa hiyo ukingo wa nyuma wa briji unabinuliwa, nazo skrubu zinang'olewa kidogo kidogo, kama unavyong'oa msumari kwa nyundo ya makucha. Mbao ya besi lile ni laini, chumvi ya bahari imekula skrubu, matundu yamepanuka. Ndiyo maana unalalamika kwamba nyuzi zimekuwa juu mno, vidole vinauma, na ukilityuni halikai.

Lakini misumari! Picha ya mwisho nimeona misumari miwili imepigiliwa pembeni mwa skrubu, na gundi ya supa imemwagika hadi kwenye rangi. Fundi gani huyo mlimpelekea? Msumari hauna meno ya kushika mbao. Uzi wa E ukitikisika, nao unatikisika na kuzidi kupanua tundu. Nilikaa kitandani na simu mkononi, nimeshikwa na hasira kweli. Juu ya pikapu, kile kinasa sauti chini ya nyuzi, kuna pale ambapo rangi imelika na mbao imebaki wazi, ni kidole gumba cha Baba kile, miaka yote ya harusi za Ngamiani, hapo Tanga. Mtu aliyejifunza kwa kusimama nje ya kumbi akizisikiliza bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, akaja kutulisha kwa besi hilo, leo linapigiliwa misumari kama mlango wa banda!

Fanya hivi, na usimwachie mtu mwingine. Legeza nyuzi zote kwa zamu, pole pole, usizikate zikiwa zimekaza. Fungua skrubu, nyanyua briji taratibu, kwa sababu chini yake kuna waya mwembamba unaotokea ndani kwenye pikapu. Huo ni waya wa ethi. Ukikatika au ukisahau kuurudisha ugusane na chuma cha briji, besi litavuma kwenye spika na utadhani pikapu zimeungua. Misumari itoe kwa plaizi, ukiizungusha, usiibinue.

Nenda kwa seremala wa barabara ya nane, yule rafiki yake Baba, msalimie sana. Mwambie ayapanue matundu matano kwa keekee ya milimita sita hadi afike kwenye mbao nzima. Keekee afungie utepe kuonyesha mwisho wa kina, kwani ubao wote una unene wa kama sentimita nne na nusu na sitaki kuona tundu limetokea mgongoni. Halafu achonge vijiti vya mninga vya kujaza matundu. Hapa ndipo mafundi wengi wanapokosea: kijiti kikichongwa kwa urefu wa mti, skrubu inaingia kwenye ncha za nyuzi za mbao na haishiki vizuri. Avikate kwa kukingamisha ubao, ili mistari ya mninga ilale upande mmoja na mistari ya besi. Njiti za kiberiti na gundi, ambazo najua utashauriwa, zinafaa skrubu ndogo za kichwani. Kwenye briji hazifiki mbali.

Gundi iwe ya mbao, ile nyeupe, vijiti vigongwe taratibu, besi lilale siku nzima bila kuguswa. Kesho yake vikatwe visawazike, msasa kidogo, usile rangi. Ndipo atoboe matundu mapya. Keekee ya kutobolea ishikwe mbele ya skrubu: meno ya skrubu yaonekane pande zote mbili, kiini chake kisionekane. Hiyo ndiyo saizi. Skrubu ipakwe sabuni kavu, ikazwe kwa mkono, drili hapana.

Kabla ya kutoboa, pitisha uzi wa kushonea kutoka kichwani hadi kwenye briji, pande zote mbili za shingo, uhakikishe briji haikwenda upande. Pima pia: kutoka kile kifupa cha juu, nyuzi zinapotokea kichwani, hadi freti ya 12, yaani kile kijiti cha chuma cha 12 shingoni, ni inchi 17, na kutoka hapo hadi kwenye kikalio ni 17 nyingine na kidogo. Ukishafunga nyuzi na kutyuni, gusa uzi juu ya freti ya 12 bila kuubonyeza, usikilize, kisha ubonyeze. Ukibonyeza na sauti ikapanda kuliko ya kugusa, rudisha kikalio nyuma. Ikishuka, kilete mbele. Sikio unalo, la Baba.

Nikimaliza zamu usiku na basi halijafika, namsikia Baba akianza ule mdundo wake wa kufungulia harusi, watu wakiwa bado wanatafuta viti. Nimeukumbuka upepo wa Raskazone, nimewakumbuka nyote. Natamani kulisikia likipigwa pale uani nitakaporudi, na upige wewe.

Nimetuma elfu themanini kwenye simu ya Mama: gundi, keekee mbili, msasa na ujira wa seremala. Baba Mdogo mwambie kwa adabu kwamba mnunuzi wake atafute kwingine, na kama ana neno anipigie mimi, nitampokea kwa heshima zote.

Nyuzi nimeshanunua, seti ya unene wa 45 hadi 105, atakuja nazo mtoto wa Bi Mwanaidi. Zile skrubu za kutu usizirudishe. Chukua moja, ilaze kwenye rula, unipigie picha ya urefu na unene kabla ya Alhamisi, maana anaondoka Jumamosi na nataka abebe tano za chuma kisichoshika kutu.

Kaka yako