Kanisa la parokia lisifungiwe upepo

Mhariri,

Mimi ni mwashi mstaafu na muumini Mkatoliki wa hapa Mombasa, nami naomba nafasi nizungumzie ramani za makanisa mapya ya parokia, ambayo hujengwa kwa michango yetu waumini.

Kanisa jipya ninamosali lina ukuta wa mbele wa vioo vitupu unaotazama magharibi, paa la mabati lililoinamia chini, na madirisha ambayo mengi hayafunguki. Katika Misa ya jioni, jua huwachoma waumini mgongoni na kumpiga padri machoni akiwa altareni, na feni zikiongezwa kasi, homilia haisikiki tena huko nyuma waliko wazee.

Siupingi usasa. Hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, kuhusu liturujia, ya tarehe 4 Desemba 1963, ilieleza kwamba Kanisa halina mtindo mmoja wa sanaa lililoufanya kuwa wake, ikaagiza pia kwamba majengo mapya yafae kwa ibada na yawawezeshe waumini kushiriki kikamilifu. Ndiyo maana siku hizi altare hujengwa mbali na ukuta, na mabenchi mara nyingi hupangwa kuizunguka. Sasa mtu anayetafuta hewa atashiriki vipi?

Hata msanifu majengo Le Corbusier, ambaye kanisa lake la hija la Ronchamp, Ufaransa, lililokamilika mwaka 1955, husifiwa kwa usasa wake, alijenga kuta nene na kupitishia mwanga katika vidirisha vyenye kina. Nikiitazama picha ya kanisa hilo hukumbuka nyumba zetu za kale za matumbawe, chokaa na boriti, ambazo unene wa kuta zake huzuia joto la mchana.

Hapa kwetu kuta ndefu zingetazama kaskazini na kusini, ili jua la asubuhi na la alasiri lisizipige sana. Zingetobolewa matundu kuanzia usawa wa benchi na kukingwa kwa baraza pana, nalo paa lingeinuliwa na kuachiwa upenyo wa kutolea hewa ya moto.

Naziomba kamati za ujenzi ziwaonyeshe waumini ramani kabla msingi haujachimbwa, na msanifu aonyeshe kwa kidole kaskazi itaingilia wapi Januari, na kusi itaingilia wapi Julai.

Mwashi mstaafu,
Likoni, Mombasa